Bi Bendera na Kengele Isiyolia

Vijana wa siku hizi ukiwaambia programu yao ina kosa, wanakuangalia kama umewatukania mama. "Haiwezekani, nimeijaribu!" Nikisikia neno hilo, nimeijaribu, mwili wote unanisisimka. Maana na mimi nililisema, tena kifua mbele, na nusura mtu mzima mwenye heshima zake atolewe kazini kwa aibu. Aliyenifundisha kuliogopa neno hilo ni shangazi yangu, dada wa baba. Leo nimeamka namkumbuka, basi acheni nimseme kidogo. Marehemu hatanigombeza. Au atanigombeza, sijui. Hakuwa mtu wa kunyamazishwa na kitu kidogo.

Kazini alijulikana kama Bi Bendera. Wageni walidhani ni mambo ya siasa, au labda ndiye aliyepandisha bendera pale getini asubuhi. Hata! Alikuwa akiandika programu za mitambo ya maji. Ndani ya kila prosesa, yaani ule ubongo wa mtambo, mna alama ndogo ndogo ambazo watu wa kazi hiyo wanaziita bendera. Prosesa ikimaliza hesabu, inapandisha bendera moja kusema jibu ni sifuri, nyingine kusema jibu limekwenda hasi, nyingine kusema kuna moja ya kubeba. Shangazi alizijua bendera hizo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na alikuwa akizisema mpaka kwenye misiba.

Siku ya kwanza kunieleza, nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa maneno makubwa. Akanikalisha kwenye kiti kama mtoto wa darasa la pili.

"Saba na nane?"

"Kumi na tano, Shangazi."

"Unaandika ngapi?"

"Tano."

"Na ile moja?"

"Naiweka kichwani."

"Ehee! Ile moja ya kichwani ndiyo bendera. Sasa umeiweka kichwani, kabla hujaitumia mtu anakuita anakuuliza kiatu chake kiko wapi. Unamjibu, unarudi kwenye hesabu. Moja iko wapi?"

"Imepotea."

"Imepotea! Bendera hufuata upepo, mwanangu. Isome papo hapo. Ukigeuka kidogo tu, unakuta imeshaangalia kwingine."

Tabia hiyo aliihamishia mpaka nyumbani. Nilikaa kwake miaka sita, na ole wako akuulize kama unataka chai halafu uanze kusema "mmh, sijui..." Alikuwa anamimina ya kwake, anafunga chupa, anasema, "Bendera imeshageuka." Unakaa na kiu yako. Nilimchukia kwa hilo, na sasa ningetoa chochote nisikie chupa ile ikifungwa.

Kazi alianza kama mpiga taipu wa idara ya maji. Siku lilipoletwa sanduku la mtambo wa kwanza, pamoja na vitabu vinne vinene, wanaume wa karakana waligombania mtambo. Vitabu vikatupwa juu ya kabati. Akavichukua yeye. Alivisoma mwaka mzima, kamusi pembeni, wakati wa chakula cha mchana, huku wakimcheka. Mwaka wa pili wale wale waliocheka walikuwa wakimfuata na madaftari, na yeye anawaambia, "Subiri hapo nje kwanza, namaliza kula." Hakuwa mtu wa kisasi, ila kidogo alikuwa.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ofisi kubwa, dirisha moja linaloangalia uwanja wa mabomba ya akiba. Feni ya dari ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Palikuwa na meza ya chuma iliyobonyea pembeni, waya kila mahali, na printa iliyolia kama mtu anachana shuka. Karatasi zake zilikuwa ndefu, zimeungana, zina matundu kandokando, na Shangazi alizikunja vizuri kama nguo za kwenda safari. Penseli aliichomeka kwenye kilemba chake, halafu akaitafuta chumba kizima akinituhumu mimi.

Tulikuwa tunaandika kwa lugha ya C, ambayo binadamu akijitahidi anaielewa. Kisha programu nyingine, kompaila, inayageuza maandishi yetu kuwa maagizo ambayo prosesa inayafahamu. Shangazi hakuiita kompaila. Aliiita Mkalimani, kwa sababu, alisema, kazi yake ni kuchukua maneno yako na kuyasema kwa mwenye lugha nyingine, na wewe huna njia ya kujua kasema nini mpaka ukamchungulie. Mkalimani wa wakati ule alichukua dakika kumi na mbili kutafsiri programu moja. Dakika kumi na mbili! Tulikunywa chai, tukasemana, tukawasema wengine, mafundi wakaja kusimama mlangoni na habari za mjini. Mkalimani wa leo anamaliza kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na hakuna anayejua mwenzake ana watoto wangapi.

Lakini yule wa zamani alikuwa mjinga. Pale ambapo Shangazi alitaka kazi iende haraka, alimruka Mkalimani akachomeka mwenyewe, katikati ya C, mistari miwili mitatu ya asembli, yaani lugha ya prosesa yenyewe. "Hapa nazungumza na mwenye nyumba," alisema, "mkalimani atupishe."

Sasa njoo kwenye tangi. Tangi la mtaa wetu lilisimama juu ya miguu ya zege, jirani na ukuta wa shule ya chekechea. Linaingia lita elfu sabini. Prosesa iliyokuwa ikihesabu lita hizo ilikuwa ndogo. Kisanduku chake kimoja cha namba kilijaa ikifika elfu sitini na tano na ushei. Ukitaka kuhesabu zaidi ya hapo, lazima utumie visanduku viwili, kidogo na kikubwa: kidogo kikijaa kinaanza sifuri, na moja inabebwa kwenda kwenye kikubwa. Ni ile ile moja ya kichwani. Shangazi aliandika kazi hiyo kwa mistari miwili ya asembli. Wa kwanza unajumlisha kwenye kisanduku kidogo. Wa pili unaangalia bendera ya kubeba na kuongeza moja kwenye kikubwa. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: MISTARI HII MIWILI NI MTU NA MKEWE. USIINGIE KATI.

Maji yakifika kipimo, programu inapiga kengele kwenye kibanda cha pampu, na Fundi anafunga koki. Kipimo cha kawaida kilikuwa lita elfu sitini. Mara chache kwa mwaka, bomba kubwa likitaka kufungwa kwa matengenezo, tuliambiwa tujaze mpaka elfu sitini na nane ili mtaa usikose maji.

Fundi Pampu alianza kazi mwaka mmoja na Shangazi. Mtu mpole, mrefu, mwenye mikono iliyokaa kama inaomba radhi. Waliitana kaka na dada, na utani wao haukuisha.

"Dada, hii kengele yako inanipigia kelele kuliko mke wangu."

"Na unaisikiliza kuliko mke wako, Kaka. Nimeambiwa."

Miaka ishirini na miwili kengele ililia na yeye akafunga koki. Hakuna tone lililomwagika.

Shangazi akastaafu. Alifanyiwa sherehe, akapewa saa ya ukutani, akasema asante kisha akauliza mbele ya watu wote kama saa yenyewe inatembea. Chumba kikabaki changu. Mwaka uliofuata ile kompyuta ya zamani ikafa kabisa. Ikaletwa mpya, na Mkalimani mpya ndani yake, hodari, mwenye ujanja wa kuharakisha kazi kwa kupanga upya maagizo anavyoona yeye. Nikachukua programu ya Shangazi bila kubadilisha hata herufi moja. Nikampa. Sekunde mbili, tayari. Nikaiweka kwenye mtambo, nikajaza tangi mpaka elfu sitini, kengele ikalia, nikatia sahihi. Nimeijaribu.

Miezi mitatu baadaye, Jumamosi mchana, tuliagizwa kujaza mpaka elfu sitini na nane. Kipimo nilikiweka mimi mwenyewe Ijumaa. Fundi alikuwa zamu. Alikaa kwenye kibanda chake akingoja kengele. Alingoja, akangoja, mpaka mlinzi wa ile shule akaja mbio, suruali imelowa hadi magotini. Tangi lilikuwa limefurika muda wa saa nzima. Maji yalishuka ukutani, yakaingia madarasani. Magodoro ya watoto yalielea, na picha walizochora, zile za jua lenye macho, zilibanduka zikawa uji sakafuni. Ahsante Mungu ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu kengele ikajaribiwa. Kipimo kilikuwa kimesharudishwa elfu sitini. Ikalia. Ikajaribiwa tena, ikalia. Mara ya tatu, ikalia mpaka watu wakaziba masikio. Kengele nzima, mtambo mzima. Basi tena, anabaki mtu. Meneja, kijana nadhifu asiyependa mambo yakae mezani kwake muda mrefu, akaniita.

"Programu iko sawa?"

"Nimeijaribu," nikamwambia.

"Basi mzee alilala."

Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia hapana pia. Kikao kikapangwa Ijumaa: akionekana na hatia, kazi basi. Alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja kustaafu, baada ya miaka ishirini na sita, na angeondoka na jina la mlevi wa usingizi aliyeharibu shule ya watoto wadogo. Mjini pale jina kama hilo lisingemtoka mpaka kaburini.

Jumatano nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta barazani anachambua mchele, miwani imeshuka puani. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa upole, "Umri nao, Shangazi. Labda usingizi ulimpitia."

Akauweka ungo chini.

"Nani kakwambia?"

"Kengele ni nzima. Imelia mara tatu."

"Mtu yule mimi namjua. Akiwa zamu hata kitako hakai sawasawa. Mlikuwa mnajaza mpaka ngapi?"

"Sitini na nane elfu."

"Na kengele mmeijaribu kwa ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Jibu, we binti! Kwa ngapi?"

"Sitini."

"Lo!" Akasimama, mchele ukamwagika. "Nenda kaniletee alichosema Mkalimani. Yote. Kwenye karatasi, sitaki kusoma kwenye kioo."

Nilirudi baada ya saa moja na karatasi mkononi. Akazitandaza mezani, akachukua lenzi ya mkono, maana macho yalikuwa yameanza kumwacha, akaanza kushuka mstari kwa mstari na ncha ya penseli. Nilisimama nyuma yake kama mshtakiwa. Akafika kwenye mistari yake miwili. Penseli ikasimama.

"Huyu nani?"

Nikachungulia. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili palikuwa na agizo moja dogo ambalo halikuandikwa na Shangazi wala mimi. Mkalimani mpya alikuwa ameona huo ndio wakati mzuri wa kutafuta kisanduku kikubwa kiko wapi, na ili kukipata akafanya hesabu ndogo ya kujumlisha. Hesabu ya mtu mwingine kabisa, imeingia kati ya mtu na mkewe. Ilipokwisha, bendera ya kubeba ilikuwa imeshushwa. Mstari wa pili ukafika, ukaangalia, ukaona hakuna cha kubeba.

Ikawa wazi kabisa. Maji yakiwa chini ya elfu sitini na tano hakuna cha kubeba, kila kitu kinakwenda vizuri, ndiyo maana kengele ililia kila tulipoijaribu. Yakivuka hapo, moja inapotea, na mtambo unadhani tangi ni tupu. Unaendelea kuvuta maji na kunyamaza. Fundi angeweza kungoja kengele ile mpaka Jumanne.

Nikashangilia. Naam, kwa aibu nakiri, nilishangilia. "Shangazi! Kosa ni la Mkalimani! Programu yako ilifanya kazi miaka ishirini na miwili!"

Hakushangilia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Mkalimani hakuniahidi kitu," akasema. "Kitabu kiliandika wazi. Ukichomeka mistari yako, usitegemee bendera ya mstari huu ikutane na mstari ule. Ukiitaka, funga mistari yote fungu moja ili asipate pa kuingia, na umwambie bendera umezigusa. Au mwombe bendera itoke papo hapo kama jibu, uishike mkononi. Nilikisoma kitabu hicho, mwanangu. Halafu nikamchungulia yule wa zamani, nikaona mistari yangu ameiweka jirani, nikasema basi, yatosha. Nikaandika usiingie kati, kana kwamba anasoma maneno ya pembeni!" Akacheka bila furaha. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilibahatika miaka ishirini na miwili, nikadhani najua."

Sikuwa nimewahi kumwona vile. Mtu ambaye alikuwa akiwafokea wanafunzi bendera isomwe papo hapo, bendera isomwe papo hapo, na kumbe kwenye mistari yake mwenyewe aliyoipenda kuliko yote alikuwa ameiacha bendera peke yake njiani. Nikamwambia hakuna haja ya kusema hivyo kikaoni. Tungesema kompyuta mpya ina hitilafu, Fundi aokoke, na jina la Shangazi libaki safi. Bado walikuwa wakimtaja pale kazini, vijana wanaonyeshwa programu yake kama mfano.

"Na yule Mkalimani akiwekwa kwenye mtambo mwingine wenye mistari kama hii? Mara hii yalielea magodoro." Akanitazama. "Na wewe?"

"Mimi nilijaribu pale nilipojua itapita."

"Haya. Basi tugawane lawama. Kalete kompyuta yako tuitengeneze programu, na usinililie kwenye karatasi."

Ijumaa saa nne asubuhi tuliingia kwenye chumba cha mikutano, mimi nimebeba kikapu chenye mtambo mdogo wa majaribio na kengele yenyewe, Shangazi amevaa gauni lake la sherehe ya kustaafu. Fundi alikuwa ameketi mwisho wa meza, koti limembana, mikono katikati ya magoti. Alipomwona Shangazi alitaka kusimama, kisha akaona aibu akakaa.

"Mama, karibu sana," Meneja akasema. "Ila shauri limeshakwisha. Mzee mwenyewe amekiri jana, kwa maandishi." Akainua karatasi akasoma: "Nakiri kwamba siku ya Jumamosi nilipitiwa na usingizi nisiisikie kengele. Naomba radhi kwa walimu na kwa watoto."

Shangazi akageuka. "Kaka. Ulilala?"

Fundi aliangalia meza. "Dada, kengele imejaribiwa mara tatu, imelia mara tatu. Mimi nani nibishane na kengele?"

"Sikuiuliza kengele. Nakuuliza wewe. Ulilala?"

"Sijui, Dada."

Neno lile lilinichoma. Angesema ndiyo, ningejua anadanganya ili mambo yaishe. Angesema hapana, ningefurahi. Lakini alisema sijui, na alikuwa anasema kweli.

Shangazi akanipa ishara. Nikaunganisha waya juu ya meza, nikaweka kipimo elfu sitini, nikaanza kuingiza lita za uongo kwa kuzungusha kitufe. Namba zikapanda kwenye kioo kidogo nilichofunga kwa ajili ya siku ile, maana kule kibandani hapakuwa na kioo, kengele tu. Sitini ikafika. Kengele ikalia, Meneja akaruka kidogo.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Subiri, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Weka sitini na nane."

Nikaweka. Namba zikapanda tena. Sitini na moja, sitini na tatu, sitini na tano. Halafu, mbele ya macho ya watu wote, zikaanguka: sifuri, mia moja, mia mbili. Niliendelea kuzungusha. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Fundi alikuwa ameinua shingo, ameelekeza sikio, anaingoja kengele kwa mwili wake wote, na nikaelewa kuwa ndivyo alivyokaa Jumamosi ile saa nzima.

Haikulia.

Tukaweka programu iliyotengenezwa, mistari miwili imefungwa fungu moja. Namba zikavuka sitini na tano, sitini na sita, sitini na saba. Sitini na nane: kengele. Fundi, bila kujijua, alinyoosha mkono wa kulia kama anafunga koki.

"Mistari hii niliiandika mimi," Shangazi akasema. "Haikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na bahati tu, na bahati imekwisha."

Meneja alijikuna shingo. "Mama, wewe ni mtu wa heshima hapa. Tunaweza kuandika tu hitilafu ya mitambo..."

"Mtambo ulifanya nilichouambia. Mficha uchi hazai. Andika Bi Bendera alikosea, na uandike kwa wino."

"Na mimi andika," nikasema. "Nilisema nimeijaribu, na sikuijaribu." Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka.

Akaandika. Fundi alikuwa bado anaiangalia kengele.

"Kwa hiyo sikulala?" akauliza.

"Hukulala, Kaka."

"Kweli, Dada?"

"Haikulia. Ungekuwa macho kama samaki, isingelia. Nisamehe sana. Nimekuangushia jumba bovu nililojenga mwenyewe."

Meneja akamrudishia barua yake, akampa mkono, akamwomba radhi kwa maneno ya ofisini. Fundi aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, kisha akamnong'oneza Shangazi akiomba twende naye nyumbani. "Mke wangu nimeshamwambia nililala," akasema. "Nikimwambia peke yangu sasa hivi kwamba sikulala, nitaonekana mtu wa namna gani?"

Tulikwenda. Nyumba ndogo, sebule safi, kitambaa cha kufumwa juu ya redio. Mkewe alituketisha, akaleta chai, akakaa mwenyewe kwenye ncha ya kiti akingoja habari mbaya. Shangazi alimweleza polepole, bila prosesa, bila bendera. "Wifi, kengele haikulia. Imevunjwa na mkono wangu miaka mingi iliyopita. Mume wako alikuwa macho."

Mama yule akamgeukia mume wake.

"Jumamosi uliniambia hukulala," akasema. "Jumapili ukaniambia tena. Kanisani ndugu wakaniuliza, nikaona haya. Jumatatu nikakwambia, baba watoto, kubali tu, yaishe, watakuonea huruma. Ni mimi niliyekwambia."

"Ni wewe," Fundi akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Ulikubali ili yaishe?"

"Hapana." Alizungusha kikombe mkononi. "Walisema meneja na mafundi, sikuwajali. Kengele ilipolia, nikayumba kidogo. Lakini uliposema wewe, mke wangu, nikajua basi, lazima nililala."

Mama yule akaweka mkono mdomoni. Nikamgeukia Shangazi aseme neno, maana hakuna siku aliyowahi kukosa la kusema, na nikamkuta analia.